Mkanda wa Twiga

11 Februari

Kaka yangu mpasua mbao,

Shikamoo. Najua umenikasirikia, na una haki. Tangu tuhamie huku sijakuandikia hata mstari mmoja, kila siku "nitakuandikia, nitakuandikia," mpaka mwenyewe ukachoka kuuliza. Nisamehe sana. Siku inaanza Kibonge analia na inaisha Kibonge analia, na katikati kuna kuku, nguo za kufua, na dada yake mwenye maswali. Leo wamelala wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo katika nyumba hii ni kama kupatwa kwa jua, nami nimekimbilia kalamu.

Ningeweza kupanda kilimani nikupigie simu, lakini kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshasema kumi. Karatasi angalau huwezi kuikatiza.

Shida yangu ni mti. Nyumba hii aliyotuachia shangazi yake Baba Kibonge imejengwa chini ya ukingo wa udongo, na juu ya ukingo pana mti mkubwa ambao sijui tunauitaje kwetu. Umeinama kuelekea nyumba. Shina limelala, shingo ndefu, kichwa kiko juu ya bati la chumba cha watoto. Binti yangu ameubatiza Twiga. Anausalimia kila asubuhi, kibibi kile, mikono nyuma kabisa. Mimi siusalimii. Upepo ukivuma, tawi lake moja linakwaruza bati, na ukutani juu ya kitanda chao pana ufa ambao nina hakika unakua.

Sasa ungesema, si mti wenu, ukateni. Huku haiko hivyo. Mti ukizidi unene fulani, wanaupima usawa wa kifua, huukati bila kibali cha ofisi ya miti, hata uwe katikati ya shamba lako na hati iko kabatini. Unaandika maombi, unapeleka picha, wanamtuma mtu aje kuutazama. Ndege wakiwa wanataga, hakuna kugusa kitu mpaka makinda yaruke. Mti usiohitaji kibali ni ule uliokwisha kufa. Anayekata kwa ujanja anashtakiwa, na mgeni mwenye kesi haongezewi hati ya kuishi hapa. Yaani tutafungasha, tuiache nyumba.

Wewe umeangusha miti maisha yako yote. Niambie: mtu anajuaje kama mti utaanguka? Na ukipata nafasi, nitumie sweta mbili za watoto zile nzito. Za huku ni nzuri kwa macho tu.

Mdogo wako,
Mama Kibonge

*

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata, hasira zimekwisha, ingawa nilikuwa nimeziweka akiba nzuri.

Wenzangu hapa kiwandani nimewasomea ule mstari wa kuomba kibali cha kukata mti wako mwenyewe. Tumecheka mpaka msumeno ukazimwa. Huyu mnoa misumeno ameuliza kama na nywele mnaombea kibali. Nimemwambia aangalie mdomo wake, huyo ni dada yangu, lakini swali ni la haki.

Mti ulioinama juu ya watoto hauulizwi utaanguka au hautaanguka. Unaondolewa. Na jibu umeliandika mwenyewe kwa mkono wako: mti uliokufa hauombewi kibali. Basi uufishe. Umesahau marehemu baba alivyokuwa akifanya na miti migumu? Anauvalisha mkanda. Anabandua gome kuzunguka shina lote, upana wa kiganja, anaondoka zake. Mti hauna kelele, hauna damu. Chakula hakishuki tena mizizini, unakauka umesimama, na siku ya kuukata ni kama kukata kuni. Mwambie shemeji arundike kuni mbele ya shina, nani ataona? Mwakani mnamwita huyo mtu wa ofisi, mnamwonyesha marehemu, mnampa pole.

Wasalimie wapwa zangu. Sweta natafuta.

Kaka yako

*

24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikaogopa.

Sitaki. Naandika wazi ili usiseme hukuelewa: sitaki mkanda. Jirani yetu wa chini, mfuga mbuzi, alikuwa na ndugu aliyekata mti wake kandokando ya barabara bila kibali. Aliamriwa apande mingine kwa idadi waliyomtajia, na kesi ilimzungusha mpaka akauza shamba. Naye ni mwenyeji, kazaliwa hapa. Sisi wa kuja watatuonea huruma ya nini?

Na kuna jambo lingine unalolijua vizuri kuliko mimi. Mti uliovalishwa mkanda hauanguki siku hiyo. Unakauka polepole, matawi yanakuwa kama vijiti vya biskuti, na yote hayo juu ya nani? Juu ya Kibonge. Baba alikuwa anafanya hivyo porini, chini hakuna mtu anayelala.

Na usijifanye umesahau nusu ya pili. Baba alikuwa haufungi mkanda siku ile ile. Aliacha mlango, kile kipande cha gome ambacho hakukigusa, akakaa nao mti mpaka moyo wake utulie. "Mlango ukishafungwa, hakuna kugonga," ndivyo alivyokuwa akituambia. Tulikuwa tunashindana nani aupate kwanza kwa vidole.

Maombi nimepeleka mwenyewe, na picha, Kibonge mgongoni. Aliyepokea ni mama mmoja wa makamo, viatu vyake vina matope kuliko vyangu. Hapa wanamwita Bibi Miti. Nikamwambia, "Mama, wanangu wanalala chini yake." Akanijibu, "Nimekusikia. Lakini kuna kiota kwenye picha yako. Makinda yakiruka, nakuja." Nikamuuliza, "Na kama mti utaruka kabla ya makinda?" Akatabasamu kidogo tu, akapiga muhuri.

Nasubiri, basi. Na tafadhali, habari ya mkanda usimtajie shemeji yako. Tangu ufa ule auone, akirudi na gari la maziwa haingii ndani kwanza. Anasimama pale chini anautazama mti kama mtu anayedaiwa. Ukimwambia, atafanya.

Mdogo wako,
Mama Kibonge

*

15 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Umenikaripia kama mama, Mungu amrehemu. Sawa. Mkanda siutaji tena.

Kifurushi kinakuja na kijana wa mpakiaji mizigo. Sweta mbili ziko ndani, na kofia ya Kibonge ambayo wifi yako, mke wangu, amefuma kwa macho yake mabovu, usiicheke. Sweta ya kibibi nimeikunja na kuifunga kwa kamba kwa sababu ni nzito na inafumuka ovyo. Mwachie shemeji aifungue yeye, fundo langu unalijua. Wewe una mtoto mkononi, usijihangaishe.

Shemeji alinipigia juzi akiwa njiani, tukasalimiana. Mtu mwema. Anakupenda, na hana usingizi.

Kaka yako

*

9 Juni

Kaka,

Majani ya Twiga yamegeuka rangi. Miti yote ya ukingoni ni mibichi, wa kwetu umepauka kama mtu aliyetoka homa. Binti yangu ndiye aliyeona kwanza. "Mama, Twiga anaumwa. Nimemsalimia, hajachangamka." Nikamwambia ni jua. Nikaenda jikoni nikaendelea kumenya viazi, kisu kikasimama mkononi, nikajua.

Nilikuwa nimejiuliza kwa nini kuni zimepandishwa kule juu ukingoni wakati jiko liko huku chini. Baba Kibonge alisema zinapata upepo, zinakauka vizuri. Nami nimechoka, kaka, mtu aliyechoka akipewa jibu analichukua tu. Nikampandisha Kibonge mgongoni, nikapanda, nikaanza kuzitoa kuni moja moja. Mkanda ulikuwa pale. Safi, upana wa kiganja, kingo zimenyooka. Kisu cha kubandulia magome kilikuwa kimechomekwa katikati ya kuni. Mpini wa kisu hicho naujua. Umefungwa waya na baba.

Na kwenye ile sweta nzito ya kibibi kulikuwa na mchaniko mdogo kwenye kwapa. Nilidhani ni panya wa njiani.

Aliporudi nilikuwa nimekaa juu ya kuni.

"Kaka yako alisema ndiyo njia pekee," akaniambia.

"Kaka yangu analala chini yake?"

"Mama Kibonge, mimi nikiwa barabarani, kila upepo nauona uko hapa. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia mimi ninayelala hapa."

"Ungekataa."

"Sasa si ndiyo maana ya kuniambia?"

Kibonge akamnyooshea mikono baba yake, msaliti mdogo, akamchukua, tukabaki tunautazama ule mti wote watatu.

Nimeingiza vidole nyuma ya shina, kule upande unaogusa mwamba, natafuta mlango kama zamani. Kuna kipande. Si kikubwa, kiganja cha binti yangu kinakifunika, lakini gome ni zima, baridi, na kulikuwa na sisimizi wanapanda. Nikamuuliza kama wewe ulimwambia aache mlango. Akasema hajui mlango gani. Kisu kilikuwa kimefika pale, akatazama chini akaniona naanika nguo za watoto kwenye kamba, naimba. Akasema mkono ulikataa. Akarundika kuni, akashuka, akaniambia ana njaa.

Kwa hiyo mume wangu, ambaye hajui kupanda hata kitunguu, ameacha mlango. Na wewe uliyefundishwa na baba hukumwambia kuwa upo. Nataka kujua kwa nini.

Watoto nimewahamishia jikoni. Makinda yameruka, na Bibi Miti ametuma ujumbe kwamba anakuja Alhamisi.

Mama Kibonge

*

27 Juni

Mdogo wangu,

Sijui kama una nafasi ya kuniitikia salamu, hivyo siiandiki.

Sikumwambia habari ya mlango kwa sababu mlango huo ungemrudisha nyuma. Nilitaka liishe. Niliona wewe unaongea na karatasi za ofisi wakati bati linakwaruzwa, nikasema huyu mtoto amekuwa mgeni, amesahau mti ni nini. Kisu nilikificha ndani ya sweta kwa sababu nilijua ukikiona utakirudisha.

Sasa sikiliza, na ukinichukia nichukie baadaye. Huyo mama asione. Chukua udongo wa mfinyanzi mbichi, changanya na unga wa magome, bandika juu ya mkanda, usugue masizi ya jiko, kisha rudisha kuni. Mtu asiyejua anapita. Kama amekwisha kuja, mwambie ni mbuzi wa jirani. Mbuzi wanakula magome, hilo halina ubishi.

Usiseme ni ninyi. Mtafukuzwa, na wapwa zangu watarudi huku kukaa juu ya maranda ya mbao. Mimi ndiye niliyewasukuma. Nakuomba.

Kaka yako

*

18 Julai

Kaka,

Shikamoo. Naiandika kwa moyo, usidhani ni desturi tu.

Barua yako imefika Bibi Miti amekwisha kuja na kuondoka. Afadhali. Ningeipata mapema ningeshawishika, nisikudanganye. Ule usiku wa kuamkia Alhamisi mume wangu mwenyewe alinitajia hao mbuzi, bila wewe. Nilimwuliza, "Mbuzi gani anabandua gome kwa mstari ulionyooka, aliyesoma chuo kikuu?" Tukacheka, ndiyo mara ya kwanza tangu siku ya kuni, halafu nikalia. Nikamwambia jirani yule ana mbuzi tu duniani, hatumpi kesi yetu. Na nikamwambia nitasema mimi. Akasema hapana, mkono ni wake, mdomo utakuwa wake.

Bibi Miti alikuja asubuhi. Hakuangalia kuni. Alisimama chini ya ukingo, kichwa pembeni, anautazama mti kama anayetazama mtoto akitembea. Akamwita mume wangu. "Unaona shina linavyolala, kisha huku juu linasimama wima? Huu uliinama ukiwa mdogo, udongo ulipoporomoka. Ukajirekebisha. Umekaa hivyo kabla ya nyumba hii kujengwa. Hauwaegemei ninyi. Umeushika ukingo." Akatuonyesha mizizi ilivyoingia chini ya mawe nyuma ya chumba, minene kama mapaja. Ufa ule wa ukutani, akasema, ni maji ya mvua yasiyo na mfereji. Mizizi hii ikioza, ukingo wote utaingia chumbani, na mti juu yake.

Kisha akatoa karatasi kwenye begi. Kibali. Amekuja nacho, kaka. Cha kukata lile tawi linalokwaruza bati, basi. "Nilishawaandikia tangu niione picha," akasema. "Nilikuwa nangoja ndege tu."

Mume wangu alikaa chini palepale kwenye matope, na suruali yake ya kazi. Nilifikiri anaumwa. Akasema, "Mama, panda kule juu. Kuna kitu nimekifanya."

Akazitoa kuni mwenyewe. Bibi Miti akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye mkanda mzima, taratibu. Binti yangu akaja akasimama karibu naye. "Twiga wetu anaumwa," akamwambia. "Naona," akajibu. Kidole kikafika upande wa mwamba, kikasimama. Akabaki pale muda mpaka Kibonge akaanza kugombana na nywele zangu.

"Nani alikufundisha kuacha hapa?"

"Hakuna," mume wangu akasema. "Nilishindwa."

"Bora ulishindwa."

Nikamwambia yote, kaka. Kisu, sweta, wewe. Hukutajwa jina, nilisema ndugu yangu mpasua mbao. Hakukucheka. Alisema anawajua watu wa kazi yako, wanajua kuua mti kuliko mtu yeyote, kwa hiyo lazima wanajua na njia ya kurudi.

Amri yake ni hii. Hajaandika kesi. Ameandika kwamba mti umejeruhiwa na wenye shamba wamesema wenyewe, na kwamba atarudi mti ukianza kuchipua. Ukichipua pande zote, faili linafungwa. Ukifa, utakatwa kwa usimamizi wao, ukingo utajengewa ukuta kwa gharama yetu, na kesi itakwenda na majina yetu. Nikamwuliza tufanye nini mpaka hapo. Akasema jeraha tulifunike lisikauke, na mti unapoanza kuamka tuvushe madaraja: vichipukizi vya mti wenyewe, ncha moja chini ya mkanda, ncha nyingine juu yake, vishike pande zote mbili, chakula kipate pa kupita. Huku hakuna anayefanya kazi hiyo siku hizi, wanaita wataalamu kutoka mbali, na sisi hatuwawezi.

Nikakukumbuka wewe. Ule mchungwa wa nyuma ya jikoni kwetu, mbuzi walipoumenya kweli. Ulikuwa kijana, sauti inakukatika, na uliuvusha. Mama alikula matunda yake mpaka mwisho.

Mtu huyo ndiye namtaka sasa. Mwenye mkanda simtaki tena hapa, amwambie mnoa misumeno hadithi zake. Sijakuchukia. Nimekukasirikia, na hasira zangu nami nimeziweka akiba nzuri, utazikuta ukija. Lakini watoto wangu wanalala jikoni, kichwa kwenye mguu wa meza, na sitawarudisha chumbani mpaka mti ule uwe na afya ya kushika ukingo. Tulitaka kuuondoa ili walale, sasa lazima tuuguze ili walale. Kila jioni mume wangu anapanda na ndoo kulowesha matambara tuliyoufungia. Kibibi anamshikia kikombe. Anamwambia Twiga, "Pole, baba hakujua."

Basi nitumie hivi, na upesi, kabla mti haujaanza kuamka.

Patasi nyembamba ya baba, ile uliyokuwa unatukataza kuishika. Itie makali kabla hujaifunga.

Nta ya nyuki, ya kuyeyusha, si ile ya kung'arishia meza. Nyingi kuliko unavyofikiri, shina ni nene.

Mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu, uliokatwa vipande virefu, wa kufungia.

Misumari myembamba kabisa, ya kushikiza vijiti bila kuvipasua.

Maelezo, kwa mkono wako, polepole, kama unamwelekeza mtu asiyejua kitu. Nichoree kichipukizi, uweke alama ncha ipi inatazama juu. Nakumbuka ulisema kikipinduliwa kinakufa, lakini sikumbuki unakitambuaje. Usimpigie shemeji yako simu umwambie yeye. Niandikie mimi, nami nitamsomea.

Sweta ya Kibonge, nyekundu, kubwa kuliko umri wake. Ikunje bila kamba, na ndani yake kusiwe na kitu.

Kisu usitume. Kisu tunacho.

Mdogo wako,
Mama Kibonge